Niko na Shida ya Kifua

Juzijuzi, katika uwanja wa kanisa moja huko Wamagana, nilipomaliza kuongea, mwanamke wa miaka sitini hivi alinyanyuka kwenye viti vya nyuma akaomba kipaza sauti. Nilidhani ana swali. Maswali hayakosi, na mengi ni yaleyale: kama sidiria ndiyo inaleta saratani, kama uvimbe unaweza kutoka kwa mtoto anayeuma akinyonya, kama mimi mzee mwenye mvi hizi sioni haya kuja kuwatajia wake za watu matiti mchana kweupe. Hili la mwisho ndilo ninalolipenda, kwa sababu linachekesha, na watu wakishacheka wanasikiliza. Lakini yule mwanamke hakuuliza kitu. Alisema, "Mimi naitwa Wangui. Huyu mzee mnaona hapa, huyu mwandishi, alikuwa anakaa kwetu Nyeri nikiwa msichana mdogo. Mama yangu akishikwa na ugonjwa, ni huyu tu alimpeleka hospitali. Hakuna mwingine. Nilikuwa nataka nimwambie asante mbele ya watu." Wakapiga makofi. Padri naye akapiga makofi. Nikainamisha kichwa wakadhani ni unyenyekevu, kumbe natafuta tu mahali pa kuficha uso wangu.

Watangazaji wa redio wameniuliza mara nyingi jinsi mwandishi wa siasa, mtu aliyepigwa na vumbi la mikutano ya hadhara karibu miaka arobaini, alivyojikuta akizunguka makanisani na kwenye baraza za machifu akiongea habari za uvimbe. Nina jibu langu tayari: nasema nilichoka kuandika habari za wanaume wanaoahidi maji. Watangazaji hucheka, tunaendelea. Ni uongo. Sababu yenyewe ni mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya sabini, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na ni mama yake huyohuyo Wangui. Sijawahi kuliandika jambo hili. Nimeandika wengine wakiiba kura, wakisaliti marafiki, wakikana asubuhi maneno waliyoyasema jana yake, na kila mmoja nilimtaja kwa jina. Leo ni zamu yangu.

Mama Wangui alikuwa na hoteli karibu na soko la Nyeri. Usifikirie vitanda na mashuka. Kwetu hoteli ni mahali pa chai. Meza nne, mabenchi, kabati la kioo lenye mandazi, na nyuma yake jikoni ambako moshi wa kuni ulikuwa umeupaka ukuta weusi hadi juu kwenye mabati. Nyuma ya jikoni kulikuwa na chumba kimoja, ndicho nilichopanga. Mumewe alikuwa amekufa kitambo na sikuwahi kumsikia akimtaja. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono mizito na mdomo mwepesi. "Wewe mwandishi," angesema akinisukumia sahani ya githeri, "kula. Utaandikaje ukweli na tumbo tupu? Njaa ndiyo inafanya nyinyi watu wa gazeti mseme uongo." Asubuhi za baridi, mlima ukiwa wazi wote kabla mawingu hayajaupanda, nilikaa karibu na moto, daftari magotini, nikisikiliza wanaume wa soko wakibishana upande wa pili wa ukuta wa mbao. Habari zangu nzuri za mwaka ule nilizisikia kupitia ukuta huo. Yeye alijua ninasikiliza, na wanaume wakishusha sauti alikuwa anawapelekea chai tena ili wakae.

Aliyenifundisha kusikiliza alikuwa Bwana Muriithi, mkubwa wangu kazini, mtu mwembamba wa koti moja, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Mwaka ule kulikuwa na uchaguzi mdogo, na alinituma nimwandame mgombea mmoja kila alikokwenda. "Kijana," aliniambia, "mheshimiwa akiongea Kiswahili, pumzisha kalamu. Hiyo ni ya D.C. na askari wake. Ngoja ageuze lugha. Mahali mtu anageuza lugha, hapo ndipo habari iko." Na kweli. Sokoni Chaka nilimsikia mgombea wetu akisifu umoja na maendeleo kwa Kiswahili dakika ishirini nzima, D.C., yaani mkuu wa wilaya, akiitikia kwa kichwa, kisha akaingia Kikuyu kwa sentensi mbili tu kuhusu mpinzani wake na mashamba ya watu, uwanja wote ukalipuka. Nilizinasa zile sentensi mbili. Zikatoka ukurasa wa kwanza. Muriithi akaninunulia chai akaniambia nina masikio, nami nikatembea mji mzima siku ile nikijiona nina masikio kuliko watu wote.

Kuna jambo lingine ambalo Muriithi hakuhitaji kunifundisha, maana kila mtu wa kwetu analijua bila kufundishwa. Maneno ya aibu hatuyasemi kwa Kikuyu. Kikuyu kinayavua nguo. Mtu mzima akitaka kutaja kitu cha mwilini mbele ya mtu asiyestahili kukisikia, anakimbilia Kiswahili, au Kiingereza kama anacho, kwa sababu lugha ya wengine inafunika kama blanketi. Hata leo kwenye mikutano yangu, mama atauliza swali kwa Kikuyu safi, na akifika pale penyewe anageuza. Na neno titi, kwa mwanamke kulitamka mbele ya kijana wa rika la mwanawe, hata kwa Kiswahili lilikuwa zito mno. Likapandishwa juu kidogo, likawa kifua.

Ilikuwa asubuhi, wateja wa chai ya kwanza wameondoka, Wangui yuko shule. Mama Wangui alikuwa anamenya viazi na mimi naandika. Miezi yote ile hatukuwa tumeongea lugha nyingine ila Kikuyu. Ghafla, bila kuinua macho kwenye viazi, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwandishi, mimi niko na shida ya kifua." Nikacheka. Nilidhani anamwiga mheshimiwa. Nikamjibu kwa Kiswahili cha darasani, "Pole sana, mama. Ni kifua au ni mafua?" Hakucheka. Mkono wake ulikuwa umeshika kifungo cha juu cha sweta, ukabaki pale. "Ni kifua," akasema. "Imekaa siku mingi. Unaweza nipeleka kwa ule daktari Mzungu? Wewe uko na Kiingereza. Hao manesi ni watu wa kanisa yetu, sitaki waanze kuuliza-uliza." Ule mkono kwenye kifungo umenitembelea kila wiki ya maisha yangu tangu hapo. Siku ile niliuona nikaupita. Nilikuwa nimeona pia kwamba sufuria kubwa ameanza kuiinua kwa mkono wa kushoto, na kwamba sweta haivui hata akiwa mbele ya moto. Mambo hayo yote ningeweza kukuandikia vizuri kabisa, na picha juu. Nilichoshindwa ni kujiuliza kwa nini mama huyu amegeuza lugha.

Tulikwenda hospitali ya misheni nje ya mji. Alivaa kitambaa kipya cha kichwa. Daktari alikuwa kijana aliyefika nchini majuzi, macho mekundu kwa uchovu, foleni imejaa hadi nje kwenye veranda. Nesi alipotaka kuingia kutafsiri, nikamwambia hapana, mimi nipo. Jamani, vile nilivyojisikia! Nilikuwa na kalamu mbili mfukoni. Daktari akauliza mama anaumwa wapi. Sikumgeukia Mama Wangui hata kidogo. Nilisema, kwa Kiingereza changu kilichonyooka, kwamba mama huyu anafanya kazi jikoni penye moshi mwingi na kwa muda mrefu amesumbuliwa na mapafu. Mapafu! Yeye alisema kifua, mimi nikampa mapafu, vilevile nilivyozoea kuwanyooshea waheshimiwa sentensi zao ili zisomeke vizuri. Daktari akauliza kama anakohoa. Nikajibu mwenyewe: ndiyo, hasa asubuhi. Nani anayepika kwa kuni asikohoe asubuhi? Daktari akaweka kile chombo chake cha kusikilizia mgongoni, juu ya sweta, akasikiliza hapa na pale. Mama Wangui alikuwa ananiangalia mimi. Mara moja aliinua mkono nusu kuelekea kile kifungo, akaniangalia tena, akaushusha. Nikamtikisia kichwa kumtia moyo.

Tulitoka na chupa kubwa ya dawa nyekundu. Njia nzima nilimsimulia nilivyoongea na daktari, na jinsi daktari alivyoniuliza Kiingereza kile nilikisomea wapi. Nilikuwa natembea mbele, narudi nyuma, narusha mikono. "Umesikia, mama? Hii ukiimaliza utapona. Mwezi mmoja tu." Akasema, "Asante, mwandishi. Umenisaidia sana." Alisema kwa Kikuyu.

Basi mimi nikarudi kwenye siasa. Mgombea alikuwa anazunguka kama kipofu aliyeibiwa fimbo, leo huku kesho kule, na mimi nyuma yake. Kila niliporudi mjini nilimuuliza kwa Kiswahili, maana niliona huo umekuwa mchezo wetu, "Mama, kifua kinaendeleaje?" Naye alinijibu, "Inaendelea tu." Mimi nikaridhika! Ndiyo, ilikuwa inaendelea. Siku hizi mtu akiniambia kwenye simu kwamba jambo fulani linaendelea tu, namuuliza linaendelea kwenda wapi. Chupa niliiona pale dirishani ikipungua, ikapungua, ikaisha, nikajipiga kifua kwamba nimeokoa mtu, na unisamehe kwa msemo huo. Kupitia ukuta wa mbao nilisikia wanaume wakisema mwenye hoteli amekonda. Mmoja akasema ni kazi. Mwingine akasema, "Kazi gani? Ati amerogwa, na ule mwenye hoteli ya ng'ambo." Nikageuza ukurasa wa daftari, nikangoja warudi kwenye habari.

Nilikuwa Kianyaga siku tatu, kwenye harambee ya kuchangisha pesa ambako mgombea alikwenda kujionyesha. Niliporudi nikakuta hoteli imefungwa, na jirani akaniambia wamama wa kanisa wamembeba Mama Wangui hospitali. Yule nesi niliyemzuia mlangoni ndiye aliyenikuta kwenye veranda. Aliniangalia juu hadi chini, halafu akalisema neno lenyewe kwa Kikuyu, bila kulifunika na chochote. "Ni nyondo," akasema. "Ni titi lake, mwandishi. Limeoza. Harufu ndiyo ilifanya wamama wamvue hiyo sweta kwa nguvu." Nikasema, lakini aliniambia ni kifua. "Ulitaka akuambie nini?" akauliza. "Wewe ni mume wake?" Daktari akapita, akanitambua, akasimama. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, kwa upole, kama siku ile nilikuwa nimemuuliza mama mwenyewe. Nikasema nilimuuliza. Hilo nalo naliweka hapa: nilimdanganya daktari mara ya pili.

Wodini alikuwa amegeukia ukuta. Nikakaa kando ya kitanda. Yeye ndiye aliyegeuka. Uso ulikuwa umebaki macho tu. "Mmekula huko?" akauliza. "Mheshimiwa aliwapa nyama?" Nikasema alitupa. "Vizuri," akasema, akafumba macho. Nilikaa pale hadi nesi aliponiondoa, na mimi na yeye hatukusema neno lingine, si siku ile, si siku zilizofuata. Alikufa kabla kura hazijapigwa. Shangazi yake Wangui alikuja kumchukua mtoto, akaniomba nimwandikie tangazo la kifo kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nikaandika kwamba ametutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi. Muriithi alilisoma kabla halijatumwa. Akaniuliza, "Alikuwa anaugua nini?" Nikasema, "Kifua." Akalipitisha.

Mgombea wetu alishinda. Habari yangu ya ushindi ilipendwa, nikaitwa Nairobi, na yaliyofuata wengine wameyaeleza vizuri kuliko mimi, hasa siku za kunipa tuzo. Miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuwa mtoto, kwamba daktari ndiye aliyepaswa kumvua sweta, kwamba hata ugonjwa ungejulikana mapema pengine wakati ule hawangefanya kitu. Haya yote yanaweza kuwa kweli. Hayajawahi kunisaidia hata asubuhi moja. Nilipostaafu, kikundi cha wamama wa Karatina kilinialika niongee kuhusu afya, nadhani walimkosa mtu mwingine. Nikasimama, nikafungua mdomo, likatoka neno kifua. Baada ya miaka yote ile! Bibi mmoja mbele, meno yake yamebaki mawili, akapaza sauti, "Kifua gani? Sema ni nyondo twende nyumbani!" Wakaangua kicheko, wakapigana mabega. Nikalisema. Nikalirudia. Tangu hapo nalisema kila mahali, kwa Kikuyu, kwa sauti ya mkutano wa siasa, na wanaume wanaotaka kuondoka nawaita kwa majina warudi wakae. Na kila uwanja ninaosimama, jua liwe kali namna gani, safu ya nyuma naona mtu amefunga sweta hadi shingoni. Mara nyingi ni mtu kweli. Mara nyingine nikiangalia tena hapana mtu.

Ndiyo maana makofi ya Wamagana yalinishinda. Jumanne iliyofuata nilikwenda kwa Wangui, huko Chaka, ambako ana shamba na duka la mbegu. Alifurahi kuniona. Aliniweka kwenye kiti chenye kitambaa, akaketi chini kwenye kigoda na ungo wa maharagwe, akaendelea kuchambua huku tukiongea habari za mvua. Nikamwambia nimekuja kumweleza kitu, asinikatize. Nikamweleza yote, kwa Kikuyu, bila kuruka neno: viazi, kifungo, mapafu, kikohozi nilichokitunga, uongo wangu kwa daktari, lile tangazo. Nilitegemea alie, au anitoe nje. Nilikuwa nimejiandaa kutolewa nje.

Hakuacha kuchambua. "Hiyo dawa ilikuwa nyekundu," akasema. "Tamu sana. Ni mimi niliimaliza."

Sikumwelewa.

"Mama hakuinywa hata kijiko, mzee. Alifika nyumbani, akafungua, akanusa, akasema hii ni ya kukohoa. Ni nani hajui dawa ya kukohoa? Akaniambia niwe nakunywa mimi, baridi ilikuwa inakuja."

"Kwa hivyo alijua?"

"Alijua hukohuko hospitali. Alisema aliona daktari anasikiliza mgongo."

"Na Wamagana ukasimama ukanishukuru."

"Si ulimpeleka?" akasema. "Wengine walikuwa wanasema amerogwa. Wewe ulimpeleka."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Angeniambia njiani, angemwambia nesi, angeonyesha hata kwa kidole! Sauti yangu ilikuwa imepanda, kana kwamba ni marehemu aliyekosa. Umri wote huu, na bado nilikuwa natafuta mwingine wa kulaumu. Wangui aliupeta ungo, akapuliza makapi, akangoja nitulie.

"Alikuwa anangoja uchaguzi uishe," akasema. "Alisema ukimaliza kazi yako atakuambia vizuri, mrudi tena. Ile siku mliyotoka hospitali mimi nilitaka nikuite. Ulikuwa hapo chumbani, tulikuwa tunakusikia ukiimba. Nikasimama niende, mama akanishika nguo. Akaniambia, 'Kaa chini. Umeona vile amefurahi? Tangu aje hapa sijamwona amefurahi hivi. Tusimwaibishe kijana wa watu.'"